Nani Alirefusha Shingo? Kuwafundisha Watoto Jinsi Dinosaria Walivyoafikiana na Makazi Yao

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Methali hii aghalabu hutumiwa katika mijadala ya malezi na maadili, lakini ina ukweli uo huo katika ufundishaji wa sayansi. Dhana aipatayo mtoto akiwa na umri wa miaka mitano au sita hukauka pamoja naye. Ikiwa ilipinda vibaya, kuinyosha baadaye huwa kazi ya miaka mingi.

Miongoni mwa mada zinazowavutia watoto wadogo, ni chache zinazoweza kushindana na dinosaria. Mtoto asiyetulia dakika tano akielezwa aina za udongo atatulia kipindi kizima akitazama picha ya mnyama aliyekuwa mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Mwalimu anapoionyesha picha hiyo, swali la kwanza kutoka darasani huwa: kwa nini shingo yake ni ndefu hivyo? Nalo jibu la haraka huwa: "Alirefusha shingo ili ayafikie majani ya juu." Jibu hili ni fupi na ni tamu, ila si kweli. Hakuna dinosaria aliyewahi kurefusha shingo yake, kama ambavyo hakuna mtoto awezaye kujiongezea kimo kwa kutamani embe lililo juu ya mti.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi watoto wa madarasa ya chini wanavyoweza kufundishwa kwa Kiswahili namna dinosaria walivyoafikiana na makazi yao. Hoja kuu ni kwamba upotoshaji katika mada hii huanzia katika kitenzi anachokiteua mwalimu, na kwamba Kiswahili kina vitenzi sahihi vya kuueleza ukweli ikiwa mwalimu atavitumia. Mifano itatolewa hasa kutoka Tendaguru, kusini mwa Tanzania, ambako dunia ilipata baadhi ya mabaki mashuhuri zaidi ya wanyama hao.

Kitenzi na Dhana

Mwalimu anapozungumzia uhusiano wa mnyama na makazi yake, vitenzi viwili humjia haraka: kuzoea na kujibadilisha. Vyote viwili vina matatizo.

Kuzoea ni jambo la kiumbe mmoja katika uhai wake. Mtu aliyekulia Limuru akihamia Mombasa huteswa na joto kwa siku kadhaa, kisha akalizoea. Mazoea hayo ni yake. Hayaumbi mwili mpya wala hayapitishwi kwa mwanawe kama rangi ya macho inavyopitishwa. Kwa hiyo, mwalimu asemapo kuwa dinosaria "walizoea" kula majani ya juu, mtoto huelewa kuwa jambo hilo lilifanyika kwa siku chache na kwamba kila mnyama alijifunza peke yake.

Kujibadilisha kuna athari kubwa zaidi. Kiambishi -ji- cha kujirejea humfanya mnyama awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja, nayo kauli ya kusababisha huleta maana ya kukusudia. Mtoto asikiapo kuwa "dinosaria alijibadilisha", huona akilini mwake mnyama aliyekaa, akatafakari shida yake, kisha akaamua kuwa na umbo jingine. Kiunganishi "ili" kikifuata, kusudi hilo hukamilika: alijibadilisha ili ale, ili akimbie, ili apigane.

Ikumbukwe kuwa watoto wana mwelekeo wa kufikiri hivyo hata kabla ya kuingia darasani. Mtafiti wa saikolojia ya watoto, Deborah Kelemen wa Marekani, ameonyesha katika kazi zake tangu miaka ya 1990 kuwa watoto wadogo huona kusudi katika kila kitu. Waulizwapo kwa nini baadhi ya miamba ina ncha kali, wengi huchagua jibu la kwamba ni hivyo ili wanyama wasiikalie. Mwalimu anayesema "ili" huwa anautia maji mmea ambao tayari umeota.

Vitenzi vifaavyo ni vya kawaida kabisa: kuzaliwa na, kupata, kusalia, kuzaa, kurithi na kuongezeka. Tazama tofauti: "Katika kundi lile, baadhi walizaliwa na shingo ndefu kidogo kuliko wenzao. Hao walipata majani mengi zaidi. Wengi wao walisalia, wakazaa, na watoto wao wakarithi shingo hizo. Vizazi vikapita vingi mno, na wenye shingo ndefu wakaongezeka." Hapana neno gumu katika maelezo hayo. Kilichobadilika ni kiima cha sentensi: badala ya mnyama mmoja anayetaka, pana kundi linalozaliana. Hii ndiyo maana makala haya yanapendelea kitenzi kuafikiana. Kauli yake ya kutendana inakumbusha kuwa pana pande mbili, umbo la viumbe na hali ya makazi, na kwamba maafikiano kati ya pande hizo hupatikana polepole, kizazi baada ya kizazi.

Ngano za Usuli Darasani

Pana sababu nyingine ya mtoto wa Afrika Mashariki kudhani kuwa mnyama hupata umbo lake kwa tukio moja. Amelelewa na ngano za usuli. Amesikia kwa nini gamba la kobe lina mistari kana kwamba liliwahi kuvunjika, na kwa nini fisi huchechemea. Katika ngano hizo, mnyama mmoja hufanya jambo moja siku moja, na kizazi chake chote hubeba alama ya siku hiyo.

Si busara mwalimu kuzifukuza ngano hizi darasani. Zina kazi yake: hufunza maadili, hukuza lugha na kuhifadhi utamaduni. Hata hivyo, mwalimu anaweza kuwasaidia watoto kutofautisha aina mbili za masimulizi. Ngano ya kobe hutufundisha jinsi ya kuishi na wenzetu. Simulizi la dinosaria hutufundisha jinsi viumbe walivyopata kuwa walivyo. Fanani wa ngano huruhusiwa kuwapa wanyama sauti na nia. Msimulizi wa sayansi humpa kila mnyama mwili, chakula, hatari na watoto, kisha akakomea hapo.

Kwa hakika, hazina ya fasihi simulizi inaweza kuwa msaada. Somo la dinosaria lina nguzo tatu, na mbili kati yake zimo katika methali. Nguzo ya kwanza ni kwamba viumbe wa kundi moja hutofautiana, nao wahenga walisema kuwa vidole vya mkono havilingani. Nguzo ya pili ni kwamba watoto hurithi maumbile ya wazazi, na ndiyo maana husemwa kuwa mwana wa nyoka ni nyoka. Nguzo ya tatu, kwamba makazi huwapa baadhi nafasi kubwa zaidi ya kusalia na kuzaa, haina methali iliyo tayari. Mwalimu ajihadhari asiijaze nafasi hiyo kwa "mwenye nguvu mpishe". Anayesalia si lazima awe mwenye nguvu. Huenda akawa mdogo, mwepesi, au mwenye kutosheka na chakula kichache.

Makazi Kwanza, Mnyama Baadaye

Vitabu vingi vya picha humwonyesha dinosaria akiwa amesimama juu ya nyasi, nyuma yake volkano ikitoa moshi. Mnyama apendwaye zaidi katika vitabu hivyo ni Tyrannosaurus rex, aliyeishi Amerika Kaskazini na ambaye mabaki yake hayajawahi kupatikana Afrika. Mtoto anayejifunza kwa njia hii hupata mnyama asiye na mahali. Nako kuafikiana na makazi hakuwezi kueleweka pasipo makazi yenyewe.

Tendaguru ni kilima kilicho umbali wa takribani kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Mwaka wa 1906, wakati wa utawala wa Wajerumani, mhandisi Bernhard Sattler alielekezwa kwenye mifupa mikubwa iliyojitokeza ardhini. Kati ya mwaka wa 1909 na 1913, msafara wa Makumbusho ya Berlin, ulioongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig, uliichimbua mifupa hiyo. Kazi ya kuchimba ilifanywa na mamia ya wenyeji wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, naye ustadi wake ulisifiwa na wataalamu wa msafara. Wapagazi walibeba mizigo kwa mwendo wa siku nne hadi Lindi, ikapakiwa melini. Takribani tani 250 za visukuku na mawe yaliyovishikilia zilisafirishwa hadi Ujerumani.

Je, mahali hapo palikuwaje dinosaria walipoishi, takribani miaka milioni 150 iliyopita? Miamba yenyewe hujibu. Tabaka zenye mifupa ya dinosaria zinapishana na tabaka zenye kombe na viumbe wengine wa bahari. Hivyo basi, hapa palikuwa pwani: palikuwa na wangwa zilizofunikwa na maji kujaa na kupwa, na nyuma yake nchi kavu yenye miti. Hali ya hewa ilikuwa ya joto, yenye majira ya mvua na kiangazi kikavu. Mtoto wa Kilifi, Kwale au Lamu hahitaji maelezo marefu ili aione picha hii, kwa kuwa ameona kombe mchangani na maji yakipwa.

Pana jambo moja ambalo lazima mwalimu alitaje: hapakuwa na nyasi wala maua ya miembe na mibuyu. Mimea ya aina hizo ilikuwa haijatokea. Palikuwa na miti mirefu ya jamii za msonobari, na chini yake kangaga na mimea ifananayo na mtapo. Watoto wakichora makazi haya kabla ya kumchora mnyama yeyote, watakuwa tayari wameanza kuuliza swali lifaalo: katika mahali kama hapa, ni nani angepata chakula, na wapi?

Walaji Watatu, Meza Tatu

Tendaguru huwapa watoto jibu lililo wazi, kwa kuwa walaji wa mimea walioishi huko hawakufanana.

Wa kwanza ni Giraffatitan, ambaye jina lake linatokana na twiga. Kiunzi cha mifupa yake kilisimamishwa Berlin mwaka wa 1937, na kimo chake cha sasa ni mita 13.27. Kimo hicho ni zaidi ya mara mbili ya twiga mrefu. Mfupa mmoja wa juu wa mguu wa mbele una urefu wa zaidi ya mita 2, yaani humzidi mwalimu mwenyewe. Miguu yake ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mabega yaliinuka na shingo ikaanzia juu. Mifupa ya shingo hiyo ilikuwa na nafasi za hewa ndani, kama mifupa ya ndege, na hivyo haikuwa mizito kama mtu angedhani. Hakutafuna, alikata majani kwa meno yake na kuyameza, tumbo likafanya kazi iliyobaki.

Wa pili ni Dicraeosaurus. Huyu naye alikuwa wa ukoo mkubwa wa dinosaria wenye shingo ndefu, lakini shingo yake ilikuwa fupi ikilinganishwa na ya jamaa zake, na urefu wa mwili wote ulikuwa takribani mita 12. Hakuifikia mimea ya juu. Alilisha katika kimo cha chini na cha kati.

Wa tatu ni Kentrosaurus, mwenye urefu wa takribani mita 4.5. Kichwa chake kilikuwa karibu na ardhi, kwenye kangaga na mimea mifupi. Mgongoni alikuwa na vibao vya mfupa sehemu ya mbele, na kuelekea mkiani vibao hivyo vilipisha miiba mirefu yenye ncha. Mtoto aliyewahi kuona nungunungu atatambua mara moja faida ya miiba kwa mnyama asiyeweza kukimbia kwa kasi.

Walaji hawa watatu waliishi pwani moja bila kula kwenye meza moja. Jambo hili linaweza kulinganishwa na mbuga za Kenya za leo. Twiga hula matawi ya juu ya mgunga, swala twiga husimama kwa miguu ya nyuma akafikia matawi ya kati, na pundamilia hula nyasi. Mlinganisho huu una faida mbili. Unampa mtoto njia ya kutoka kwenye kitu anachokijua hadi kile asichokijua. Pia unamwonyesha kuwa shingo ndefu si "bora" kuliko fupi. Dicraeosaurus hakuwa Giraffatitan aliyeshindwa. Aliafikiana na sehemu nyingine ya makazi yale yale.

Mfupa Husema, Lakini Husikilizwa kwa Makini

Watoto wanapaswa kujua pia kuwa wataalamu hukosea na kujirekebisha. Kwa miaka mingi, wataalamu wengi waliamini kuwa dinosaria wakubwa kama Giraffatitan waliishi majini. Waliona mwili ulio mzito mno, na matundu ya pua yaliyo juu ya fuvu, wakahitimisha kuwa mnyama huyu alisimama katika kina cha maji huku akipumua kwa kuinua kichwa. Ilionekana kuwa kila kiungo kimepata kusudi lake.

Mwaka wa 1951, mwanasayansi wa Uingereza, K. A. Kermack, alionyesha tatizo la dhana hiyo. Kifua kilichozama mita kadhaa chini ya maji hubanwa na kani ya maji hayo kiasi kwamba mapafu hayawezi kujaa hewa. Mnyama yule angekosa pumzi. Uchunguzi wa baadaye wa miguu, nyayo na miamba uliwathibitisha kuwa wanyama wa nchi kavu.

Kisa hiki ni somo tosha kwa darasa la watoto. Kinawafundisha kuwa kutaja kusudi la kiungo si ushahidi. Baada ya kusema "huenda kilimsaidia hivi", ni lazima mtu aulize: "Tungejuaje?" Mfano mwingine kutoka Tendaguru ni Elaphrosaurus, mwenye mwili mwembamba na miguu ya mnyama mwepesi. Fuvu lake halijapatikana. Mwalimu anaweza kuwauliza watoto: bila meno, tunaweza kujua alikula nini? Darasa litakalojibu "tungoje fuvu" litakuwa limejifunza sayansi kuliko darasa lililokariri majina ishirini.

Mchezo wa Vijiti

Je, watoto wa miaka sita wanaweza kweli kuelewa suala la vizazi? Mwaka wa 2014, Kelemen na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusu watoto wa umri wa miaka mitano hadi minane. Waliwasomea kitabu cha picha kuhusu wanyama wa kubuni wenye pua ndefu, ambao wadudu waliowala walihamia katika mashimo membamba ardhini. Waliozaliwa na pua nyembamba waliendelea kula na kuzaa. Wenye pua nene walipungua. Kitabu hakikusema popote kuwa mnyama alitaka kubadilika. Watoto wengi walielewa, wakaweza kueleza kisa kingine kwa mantiki ile ile, na miezi mitatu baadaye walikuwa bado wanakumbuka. Tatizo, basi, si umri wa mtoto. Tatizo ni jinsi anavyosimuliwa.

Shule isiyo na kitabu kama hicho inaweza kutumia vijiti na kamba. Mwalimu hukata vijiti vya urefu wa aina tatu na kufunga kamba mbili za kuanikia nguo, moja chini na nyingine juu. Kila kamba huangikwa majani ya karatasi. Watoto kumi na wawili hupewa kijiti kimoja kila mmoja: wanne kifupi, wanne cha wastani, wanne kirefu. Sharti ni kwamba jani hudondoshwa kwa kijiti tu. Mzunguko wa kwanza una majani tele katika kamba zote mbili, na kila mmoja hushiba. Kisha kiangazi huingia: mwalimu huondoa majani ya kamba ya chini. Anayepata majani matatu husalia, naye hukabidhi kijiti chenye urefu sawa na chake kwa mtoto mwingine anayengoja, ambaye ndiye kizazi kipya. Asiyepata huketi.

Baada ya mizunguko mitatu, watoto huhesabu vijiti vilivyomo mchezoni. Virefu vimeongezeka. Hapo ndipo mwalimu huuliza swali lililo kiini cha somo lote: "Je, kuna kijiti kilichorefuka?" Watoto watavitazama na kusema hapana. Kila kijiti kilibaki kama kilivyokuwa. Kilichobadilika ni hesabu ya vijiti katika kundi. Mwalimu akitumia vijiti badala ya mikono ya watoto wenyewe, hataweza pia kumfedhehesha mtoto mfupi.

Mchezo urudiwe kwa majani mengi ya chini na machache ya juu, na vijiti virefu vifanywe vizito kwa kufungiwa jiwe dogo. Sasa wenye vijiti vifupi ndio watakaofaulu. Watoto wataona kuwa urefu una gharama, na kwamba makazi yakibadilika, kilichokuwa faida huweza kuwa mzigo. Bila shaka mchezo huu ni kielelezo tu. Dinosaria hawakuishi kwa mizunguko mitatu bali kwa vizazi visivyohesabika, na chakula ni sababu moja tu miongoni mwa sababu zinazojadiliwa kuhusu shingo zao.

Ili kuonyesha wingi wa wakati, kamba nyingine yafaa. Ikiwa mita moja ni miaka milioni moja, basi wanyama wa Tendaguru wako mita 150 kutoka mahali tuliposimama, mbali kuliko urefu wa uwanja wa mpira. Tyrannosaurus yuko takribani mita 67. Kumbe yeye yuko karibu nasi kuliko alivyokuwa karibu na Giraffatitan! Historia yote ya binadamu wa aina yetu huchukua sentimita 30 hivi za mwisho, urefu wa rula moja.

Kiswahili katika Majina ya Kisayansi

Wapo wadhanio kuwa mada hii ni ya lugha za kigeni. Ushahidi unawapinga. Mwaka wa 2019, wanasayansi walitangaza dinosaria mpya aliyechimbuliwa karibu na mto Mtuka, kusini-magharibi mwa Tanzania. Walimpa jina Mnyamawamtuka moyowamkia, yaani mnyama wa Mtuka mwenye mfupa wa mkia ufananao na moyo. Miaka miwili kabla yake, mwingine aliitwa Shingopana songwensis, kwa sababu ya upana wa shingo yake. Mwaka wa 2010, jamaa wa karibu wa dinosaria aliyeishi kusini mwa nchi hiyo hiyo alipewa jina Asilisaurus kongwe. Wachimbaji nao wamekumbukwa: jina Australodocus bohetii, la mwaka wa 2007, humheshimu Boheti bin Amrani, na Wamweracaudia keranjei, la mwaka wa 2019, huwaheshimu Wamwera pamoja na Mohammadi Keranje, aliyekigundua kisukuku hicho. Kenya nayo ina mifupa ya dinosaria katika miamba ya Lapurr, kaskazini mwa Turkana.

Mtoto wa Kenya anaposoma jina Shingopana, anaelewa bila mkalimani kile ambacho mtoto wa Berlin hulazimika kutafsiriwa. Anajifunza papo hapo kuwa jina la mnyama hueleza umbo, na umbo hufungua mlango wa kuuliza kuhusu maisha. Chini ya mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, mwanafunzi wa madarasa ya chini anatarajiwa kuchunguza mazingira yake. Shule nyingi za mijini hutumia Kiswahili katika madarasa hayo. Fursa hiyo isipotee kwa kuwa mwalimu aliamini kuwa Kiswahili hakina maneno.

Kuku wa Nyuma ya Nyumba

Watoto huuliza pia: ikiwa waliafikiana na makazi yao vizuri hivyo, mbona walikufa? Takribani miaka milioni 66 iliyopita, jiwe kubwa kutoka angani liliigonga dunia katika eneo ambalo leo ni Meksiko. Vumbi na masizi yaliuzuia mwanga wa jua, mimea ikafa, na walaji wakafuata. Kuafikiana ni zao la vizazi vingi. Makazi yakigeuka ghafla mno, vizazi havipati nafasi ya kuzaliwa.

Hata hivyo, si wote walioangamia. Ndege ni uzao wa dinosaria wadogo waliotembea kwa miguu miwili. Kuku anayechakura nyuma ya nyumba hubeba ukoo huo katika magamba ya miguu yake na katika mifupa yenye hewa, kama ile ya shingo ya Giraffatitan. Mwalimu aweza kumalizia somo kwa kuwatuma watoto nyumbani wakachunguze miguu ya kuku.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa kufundisha kuafikiana kwa dinosaria na makazi yao ni suala la lugha kadiri lilivyo suala la sayansi. Mwalimu aanze na mahali, afuatishe wanyama waliogawana mahali hapo, aulize ushahidi, kisha asimulie habari ya vizazi kwa vitenzi vya kuzaliwa, kusalia na kurithi. "Ili" na "alijibadilisha" viachiwe ngano.

Jambo hili halihusu wanyama waliokufa pekee. Mtoto anayeamini kuwa twiga wa kale alijirefusha kwa kutaka, ataamini pia kuwa ndovu wa leo atajipatia namna nyingine ya kuishi msitu ukikatwa, na kwamba samaki wa ziwani watajibadilisha maji yakichafuliwa. Anayejua kuwa maafikiano huhitaji vizazi maelfu kwa maelfu ataelewa kwa nini msitu wa miaka mingi haulipwi kwa miche ya wiki moja. Udongo uwahi ungali maji, na mfinyanzi wa kwanza ni mwalimu wa chekechea.